Nisipotaka Aliyemuua Kaka Yangu Anyongwe, Je, Nimeisaliti Damu Yake?

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Miaka mitatu iliyopita kaka yangu aliuawa kwa panga katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Aliyemuua ni kijana wa jirani, tumekua naye. Mwaka jana Mahakama Kuu ilimhukumu kunyongwa hadi kufa. Siku ile tulipiga vigelegele nje ya mahakama, na mimi ndiye niliyeanza. Sasa sipati usingizi. Mchungaji wa usharika wetu alihubiri kwamba Mungu mwenyewe ameagiza muuaji auawe, na anayepinga anapinga Neno. Mume wangu ni Mkatoliki, anasema Papa ameshakataza. Mama yangu anasema nikimsamehe yule kijana nimemuuza kaka yangu. Juzi mama mzazi wa huyo kijana alikuja kwetu, akapiga magoti mlangoni, akaomba tumwandikie Rais barua ili mwanawe asinyongwe. Nilifunga mlango bila kumjibu. Naomba kujua, Biblia inataka nini? Adhabu hii ikifutwa, atarudi kijijini? Na nikisaini hiyo barua nitakuwa nimetenda dhambi?"

Dada yangu, pole sana. Pole kwa kaka, na pole kwa hiyo miaka ya mahakamani, maana najua kesi ya mauaji inavyowala ndugu wa marehemu: nauli, kuahirishwa, na kusimuliwa upya jeraha la mtu wako mbele ya watu wasiomjua. Maswali yako nitayajibu yote. Lakini chini yake nasikia hofu moja, kwamba huruma iliyokujia usiku bila kuitwa ni usaliti. Kama ndivyo, nakuambia kabla hatujafungua Biblia: huruma hiyo haijamuuza mtu. Wala vile vigelegele havikukufanya kuwa mtu mbaya. Siku ile ulisikia dola ikitamka kwa sauti kwamba uhai wa kaka yako ulikuwa na thamani. Nani asingelia, nani asingepiga kigelegele?

Niseme mapema msimamo wangu ili unipime vizuri. Nafundisha maadili ya Kikristo, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiingia gerezani kuwahudumia watu waliohukumiwa kufa. Naamini adhabu hii ifutwe. Lakini sitakudanganya kwamba upo mstari mmoja wa Biblia unaosema hivyo waziwazi, wala kwamba Kanisa limesema hivyo siku zote. Mchungaji wako hakuzua. Ana maandiko, na ana wazee wakubwa wa imani nyuma yake.

Tuanze na hayo maandiko. Bila shaka alisoma Mwanzo 9:6, pale Mungu anapomwambia Nuhu kwamba amwagaye damu ya mwanadamu, damu yake nayo itamwagwa na mwanadamu, kwa kuwa mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Andiko hili lina uzito. Limekuja kabla ya Musa, kwa hiyo mtu hawezi kulitupa kwa kusema hiyo ilikuwa sheria ya Wayahudi tu. Pengine alisoma pia Warumi 13:4, Paulo anaposema kwamba mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu na "hauchukui upanga bure". Angeweza kuongeza Matendo 25:11, ambapo Paulo huyohuyo anasimama mbele ya Festo na kusema kwamba kama ametenda neno linalostahili kifo, hakatai kufa. Anayesema Agano Jipya limefuta kabisa haki ya dola kuadhibu kwa kifo anayo kazi ya kuyajibu hayo, na majibu mepesi hayatoshi.

Ninapotofautiana na mahubiri yale ni hapa: Biblia inayotaja upanga ndiyo hiyohiyo iliyouzungushia upanga huo uzio baada ya uzio, na sisi tumeshika upanga tukaacha nyuzio.

Tazama "jicho kwa jicho". Watu wengi wanaisoma kama amri ya kulipiza. Rudi nyuma kidogo, Mwanzo 4, umkute Lameki anawatambia wake zake kwamba ameua mtu kwa sababu ya jeraha tu, na kwamba yeye atalipiwa kisasi mara sabini na saba. Huo ndio ulimwengu ambao sheria ya Musa iliukuta: ukinikata kidole nakuchomea boma. Sheria ikaja ikasema hapana, jicho moja kwa jicho moja, basi. Ilikuja kufunga breki. Ndiyo maana Petro alipouliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, Yesu akajibu saba mara sabini, akaishika hesabu ya Lameki na kuigeuza.

Hata neno letu kisasi lina historia hiyo. Limetoka kwenye Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu maana yake ni malipo yaliyopimwa, yasiyozidi kosa, ambayo ndugu wa aliyeuawa wana haki ya kuyasamehe au kupokea fidia. Katika Kiswahili cha kila siku neno limebaki na ukali wake, kipimo kikapotea njiani.

Halafu soma Hesabu 35 na Kumbukumbu la Torati 17. Mtu hawezi kuuawa kwa kinywa cha shahidi mmoja, lazima wawe wawili au watatu. Na mashahidi hao ndio wanaotupa jiwe la kwanza kwa mikono yao, ili mtu asitoe ushahidi wa kifo kisha akaenda nyumbani kula ugali wake kwa amani. Sura ya 19 ya Kumbukumbu la Torati inasema shahidi wa uongo atendewe lilelile alilokusudia kumtendea mwenzake. Sasa linganisha na sisi. Sheria ya ushahidi ya Tanzania haidai idadi yoyote maalumu ya mashahidi ili jambo lithibitike. Shahidi mmoja akiaminika, anatosha, na ushahidi wa mazingira peke yake unaweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Silaumu sheria hiyo kwa ujumla, maana makosa mengi hutendeka gizani. Ninachosema ni kwamba mtu akidai tunanyonga kwa agizo la Torati, Torati yenyewe ingewakataa wengi wa wale tuliowahukumu.

Walimu wa Kiyahudi waliliona hilo zamani. Katika Mishna, mkusanyo wao wa sheria wa karne za kwanza baada ya Kristo, imeandikwa kwamba baraza linaloua mtu mmoja katika miaka saba linaitwa baraza la uharibifu. Mwalimu mmoja akasema hata katika miaka sabini. Wawili wengine, Tarfoni na Akiba, wakasema wao wangekuwamo barazani asingeuawa mtu yeyote. Na mwingine akawajibu kwamba kwa njia hiyo wangeongeza wamwaga damu katika Israeli. Mjadala unaokunyima usingizi ni wa zamani hivyo, na waliubishania watu waliomcha Mungu pande zote mbili.

Kuna pia wale ambao Mungu hakuwaua. Kaini alimuua ndugu yake shambani, kama kaka yako alivyouawa shambani, na Mungu akamtia alama mtu yeyote asimuue. Aliadhibiwa, tena vikali: ardhi ilimkataa, akawa mtanga-tanga. Lakini hakuuawa. Musa alimuua Mmisri akamfukia mchangani. Daudi alipanga kifo cha Uria. Sauli wa Tarso alikubaliana na kuuawa kwa Stefano. Tukitekeleza Mwanzo 9:6 bila kuacha hata mmoja, tunampoteza yule ambaye mapokeo ya imani yanamtaja kuwa mwandishi wa Torati, tunampoteza mwimba zaburi, na mtume wa mataifa. Silitoi hili kama hoja ya kisheria, maana jaji hawezi kuhukumu kwa kutazama mtu atakuja kuwa nani. Ila linaniambia kwamba andiko la Nuhu halikuwahi kuwa mashine.

Na ile sababu yenyewe, mfano wa Mungu, inakata pande mbili. Kaka yako aliumbwa kwa mfano huo, ndiyo maana kifo chake ni kosa dhidi ya Mungu. Kijana aliyemuua ameumbwa kwa mfano huohuo, na hakuupoteza siku alipoinua panga.

Sasa mume wako. Yuko sahihi kuhusu leo. Mwezi Agosti 2018 Papa Fransisko alibadilisha kifungu namba 2267 cha Katekisimu, na sasa Kanisa Katoliki linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, na linajitolea kuifanyia kazi ili ifutwe duniani kote. Lakini asidhani ilikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II alikuwa bado ameacha mlango wazi kidogo, akisema mazingira yanayoihitaji adhabu hii ni nadra sana, kama yapo kabisa. Thomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliitetea kwa mfano wa daktari anayekata kiungo kilichooza ili mwili upone. Mapapa wenyewe, walipokuwa watawala wa dola katika Italia, walikuwa na mnyongaji wao, na sheria ya Vatikani iliendelea kuitaja adhabu hiyo hadi 1969. Hilo halimwaibishi mume wako. Linaonyesha tu kwamba Kanisa lilichukua muda mrefu kujifunza.

Na sisi Walutheri? Ungamo la Augsburg la 1530, tamko letu la imani, katika ibara ya 16 linasema mamlaka inaweza kuadhibu waovu kwa upanga bila kutenda dhambi. Waanglikana waliandika maneno ya namna hiyo katika ibara ya 37 ya zile ibara zao 39, ingawa maaskofu wao walipokutana Lambeth mwaka 1988 walitaka serikali zinazonyonga zitafute njia nyingine. Ndugu zetu Wamenonite, ambao wako mkoani Mara tangu miaka ya 1930, wana mapokeo ya karibu miaka 500 ya kusema mfuasi wa Kristo hashiki upanga huo. Kwa hiyo mchungaji wako akisema "Ukristo umeruhusu", ni kweli. Akisema "anayepinga anapinga Neno", amewatoa nje ya Neno watu wengi mno, akiwamo Agostino.

Nakutajia Agostino kwa sababu ya barua yake moja. Alikuwa askofu wa Hippo, Mwafrika wa nchi inayoitwa leo Algeria. Mnamo mwaka 412 watu wa kundi lililokuwa likipingana na Kanisa lake walikiri kumuua padre mmoja na kumng'oa jicho mwingine na kumkata kidole. Agostino alikuwa amefiwa na mtu wake mwenyewe. Hata hivyo alimwandikia Marcellinus, ofisa wa dola aliyesikiliza kesi, akimsihi kwamba wauaji wale wasilipwe kwa kutendewa waliyoyatenda. Wazuiwe, wapewe kazi ya manufaa, lakini wasiuawe wala kukatwa viungo. Hakukana kwamba dola ina upanga. Aliomba usitumike kwa jina la wafu wake. Dada, unapolifikiria tena ombi la yule mama mlangoni, kumbuka kwamba barua ya namna hiyo iliwahi kuandikwa na askofu, Afrika, miaka 1,600 iliyopita.

Nitatoka kidogo kwenye Biblia, maana nadhani sehemu ya hofu yako inatokana na kutojua hasa kitakachotokea.

Kwanza, hukumu aliyopewa yule kijana haikuwa chaguo la jaji. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema atakayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo, basi. Jaji hana nafasi ya kupima. Mkodiwa aliyeua kwa malipo, na mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi hadi siku moja akampa sumu, wote wanasomewa maneno yaleyale. Ndilo jambo ambalo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapohapo Arusha, ililikataa tarehe 28 Novemba 2019 katika kesi ya wafungwa watano. Ilisema kumfunga jaji mikono hivyo kunavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu, ikaitaka Tanzania ibadilishe sheria. Inaniuma kwamba mwezi huohuo nchi yetu ilijitoa kwenye tamko linalowaruhusu raia kwenda wenyewe mbele ya mahakama hiyo.

Hatukukosa sauti ya nyumbani pia. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili, lakini ikasema Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Tupo hapo hadi leo. Wenzetu wamesogea: Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009 na ya Kenya mwaka 2017 ziliondoa ulazima, jaji akapewa nafasi ya kupima.

Pili, Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994. Sheria inataka Rais atie saini, na marais wamekuwa hawatii. Mwaka 2017 Rais Magufuli, akimwapisha Jaji Mkuu, alisema wazi kwamba kazi ya kusaini watu wanyongwe ni ngumu kwake. Watu hudhani basi mambo ni mazuri, sheria ipo tu kwenye karatasi. Mimi nimekaa na hao watu. Hawaishi kwenye karatasi. Mmoja, aliyekuwa amekaa zaidi ya miaka kumi, aliniambia hajui anachokiogopa zaidi, kufa au sauti ya funguo alfajiri. Kila Rais mpya akiapishwa wanahesabu upya. Mahakama ya Uganda katika shauri lile ilisema kumweka mtu katika hali hiyo zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa zake kuisha ni adhabu juu ya adhabu, ikaagiza wa namna hiyo wabadilishiwe iwe kifungo cha maisha.

Tatu, jiandae kwa rufaa. Mtu aliyehukumiwa kifo ana haki ya kwenda Mahakama ya Rufani, na sijaona kwenye barua yako kama imeshasikilizwa. Nakuambia hili kwa upole kwa sababu ni afadhali ulisikie sasa kuliko ulisikie siku hiyo kwenye korido ya mahakama. Kaka yako aliuawa katika ugomvi. Mahakama zetu mara nyingi zimesema kifo kilichotokea katika mapigano, pasipo mpango wa kabla, kinaweza kuwa kuua bila kukusudia, ambako adhabu yake inaanzia chini na kuishia kifungo cha maisha. Sijui ushahidi wa kesi yenu, na siwezi kutabiri. Ila ikitokea hivyo, haitakuwa na maana kwamba mahakama imesema kaka yako alistahili.

Umeuliza adhabu ikifutwa kama atarudi kijijini. Kufuta adhabu ya kifo hakufuti kosa wala hatia. Mahali ilipofutwa, nafasi yake imechukuliwa na kifungo cha maisha au cha miaka mingi. Lakini sitakuficha, wako waliotoka. Susan Kigula, aliyekuwa kinara wa lile shauri la Uganda, alikuwa amehukumiwa kufa kwa kumuua mumewe. Jaji alipopewa nafasi ya kupima akampa miaka 20, akasoma sheria akiwa gerezani, akatoka mwaka 2016. Kwa wengine hiyo ni habari njema. Kwa ndugu wa marehemu inaweza kuwa kidonda, na wana haki ya kuumia. Mtu anayetetea kufutwa kwa kitanzi, mimi nikiwamo, hana budi kusema hivyo mbele yako bila kugeuza uso.

Watasema kitanzi kinatisha wauaji. Mwaka 2012 baraza la taifa la utafiti la Marekani lilipitia tafiti za zaidi ya miaka 30 likasema haziwezi kutuambia kama adhabu hii inapunguza mauaji, inaongeza, au haigusi chochote. Yule kijana siku ile shambani hakuwa anawaza kifungu cha 197. Wewe unamjua, unajua alikuwa anawaza nini.

Na wapo walionyongwa bila kosa. Timothy Evans alinyongwa London mwaka 1950 kwa kifo cha mtoto wake. Shahidi mkuu dhidi yake alikuwa mpangaji mwenzake wa nyumba hiyohiyo, John Christie. Miaka mitatu baadaye maiti za wanawake zikakutwa kwa Christie. Evans akasamehewa rasmi mwaka 1966, akiwa kaburini. Waingereza, ambao ndio waliotuandikia Kanuni ya Adhabu tunayoitumia, waliacha kunyonga kwa kosa la mauaji miaka ya 1960. Sisi tumebaki na kamba yao. Na kabla yao Wajerumani: wazee wa Kingoni waliokamatwa katika Vita vya Maji Maji walinyongwa Songea mwezi Februari 1906, na baadhi yao walibatizwa na mmisionari kabla ya kupandishwa. Nimesimama kwenye kaburi lao. Kanisa lilikuwapo siku ile, lilileta maji ya ubatizo, na halikuikatalia kamba. Jambo hilo linanisumbua kuliko hoja yoyote niliyoiandika hapa.

Ukitaka kuona nchi iliyokuwa na kila sababu ya kunyonga, tazama Rwanda. Mwaka 1998 iliwaua hadharani watu 22 kwa mauaji ya kimbari. Mwaka 2007 ikafuta adhabu hiyo. Ilikuwamo sababu ya kisheria, kwamba mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha isingewakabidhi watuhumiwa kwa nchi inayonyonga. Lakini walioibeba hatua hiyo ni watu waliozika familia nzima. Burundi ikafuata mwaka 2009.

Turudi mlangoni kwako.

Kusamehe na kuachilia huru ni mambo mawili. Kesi ile ni ya Jamhuri. Wewe huna mamlaka ya kumfunga yule kijana, wala ya kumfungua. Unaweza kumsamehe akabaki gerezani hadi uzee, na hakuna aliyedanganywa. Unaweza pia kukataa anyongwe ilhali bado hujamsamehe, na hiyo siyo kujipinga. Mama yako anasikia "msamaha" kama "haikuwa kitu". Usibishane naye kwa mistari. Yeye alimzaa yule mtoto. Mwambie tu kwamba unataka muuaji aadhibiwe, na hutaki kaka yenu awe sababu ya mama mwingine kuletewa habari kama aliyoletewa yeye. Huenda asikuelewe mwaka huu.

Kuhusu barua, siyo dhambi kuisaini, wala siyo dhambi kutoisaini. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe au kubadilisha adhabu, na hakuna kinachowazuia ndugu wa marehemu kusema wanachotaka. Neno lenu halimlazimishi, ila lina uzito ambao neno la mwingine halina. Hata hivyo usisaini kitu mlangoni, wala karatasi iliyoandikwa na upande wao. Kama rufaa haijaisha, usiseme wala kuandika lolote kuhusu yaliyotokea siku ya tukio bila kuongea na wakili kwanza, maana sentensi ya huruma inaweza kusomwa kama ushahidi. Ukiwa huna uwezo wa kumlipa wakili, nenda kwenye kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nawe, au uliza ustawi wa jamii wilayani wakuelekeze. Na mkiandika, mwandike mkiwa ndugu mliokubaliana. Barua inayovunja nyumba yenu ili kuokoa nyumba ya pili, ingoje kidogo.

Usingizi wako nao usiupuuze. Kama umepita wiki kadhaa hulali, unaona tukio lile mbele ya macho, huli, au limekujia wazo la kwamba ungekufa tu wewe, hiyo si kazi ya maombi peke yake. Nenda hospitali ya wilaya, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, uulize mtoa huduma za afya ya akili. Mtafute pia mchungaji au mlezi mnayeweza kukaa ana kwa ana, na si lazima awe yule aliyehubiri. Kama kuna mtu wa upande wowote anayewatishia kuhusu barua hii, peleka taarifa polisi na kwa mwenyekiti wa kijiji mapema.

Na yule mama. Uliniambia ulifunga mlango, na nahisi hilo ndilo lililokufanya uandike. Huna deni la kumpa barua. Kama ukiona unaweza, mtumie mzee mmoja wa kanisa au mama mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili, aende akamwambie kwamba ulimsikia, kwamba hujawa na jibu, na asije tena peke yake mlangoni bali mkutane kwa mzee huyo siku mtakayopanga. Siku hiyo usiende peke yako. Kama mtaketi na kulia tu bila kuzungumzia barua, itatosha kwa siku ya kwanza.